Nilivyokwama Kwenye Tangi la Maji Nikimtazama Mumi

Suruali yangu ilipotoka na kubaki mikononi mwa Mutua, kichwa changu kilikuwa ndani ya tangi la maji chini ya ardhi, kwa hivyo katika watu wote waliokuwa pale Jumapili ile asubuhi mimi ndiye niliyekuwa wa mwisho kujua kwamba niko uchi. Nilijulishwa na baridi. Upepo hauingii sana katikati ya maghorofa ya Pipeline hapa Nairobi, lakini siku hiyo uliingia, ukanipata pale ambapo mzee wa rika langu hapaswi kupatwa na upepo mbele ya watu, na mara nikasikia kina mama waliokuwa wanaenda kanisani wakipiga kelele "Yesu!" kwa pamoja, kama kwaya.

Naona aibu kuandika haya. Nimekaa nayo kifuani, na mtu akitaka kunikumbusha huwa najifanya nimeitwa mahali. Lakini kunyamaza hakujanisaidia, kwa sababu ile video imezunguka mpaka kwa watu wasionijua, na kama wewe ni mmoja wa walioiona, ya mzee aliyekwama kwenye tangi, basi mzee ni mimi, uliniona nyuma kabla hujaniona uso. Shida ni kwamba video inaanza katikati. Inaanza suruali ikiwa imeshatoka. Mimi nitaanza panapostahili, na majina nitayataja, maana langu lilitajwa na hakuna aliyefikiria nina watoto.

Naitwa Wafula, kwa ploti, yaani jengo tulilopanga, waliniita Baba Nekesa kwa sababu ya binti yangu mkubwa. Shule niliiacha mapema, kazi yangu ni ya kibarua, kupakia na kupakua magunia huko viwandani, siku ikipatikana. Mimi na mke wangu tulikuwa tunakaa ghorofa ya tatu katika ploti ya mtu anayeitwa Mzee Gitonga (yeye mwenyewe hakai hapo, anakaa mtaa wa matajiri, kwenye nyumba yenye uwanja wa nyasi), na aliyemwachia kazi ya kutuangalia ni keateka, kijana mnene mwenye maneno matamu, jina lake Mutua. Mutua ndiye wa kufungua maji na kuyafunga, ndiye wa kubadilisha balbu ya ngazi akitaka, na asipotaka mnapanda mkipapasa ukuta.

Sasa tangi. Ukiingia geti, pale uwanjani tunapoanika nguo, kuna mfuniko wa chuma chini, na chini ya mfuniko kuna tangi kubwa lililojengwa kwa mawe na saruji. Maji ya kanjo, yaani ya jiji, yakija yanaingia humo, halafu pampu inayasukuma juu ya paa, kutoka paani yanateremka kwa mifereji ya kila mtu. Kwa hivyo ni tangi moja na ni vinywa vyote vya ploti. Ukitaka kuelewa hasira yangu, shika hapo.

Kukaanza kuwa na tumbo. Leo mtoto wa huyu anaharisha, kesho wa yule, mara mama mzima amelala hawezi kusimama. Wamama wakaanza kunong'ona kwamba ni maji, wengine wakasema kuna mtu anatia dawa kwenye tangi kwa wivu, si unajua ploti ikishajaa watu kila mtu ana adui wake. Siku moja walimzingira Mutua hapo getini wakamwambia tangi litolewe maji yote, fundi ashuke, lioshwe na kuangaliwa kuta. Mutua akaapa, akasema atampigia Mzee Gitonga simu.

Aliporudi hakuja na fundi. Alikuja na samaki kwenye ndoo.

"Wamama zangu," akasema, na sauti yake ilikuwa ya mtu wa mahubiri, "mnasema maji yana sumu. Sawa. Huyu samaki anaingia ndani ya tangi mbele yenu. Maji yakiwa mabaya, atakufa, na mimi mwenyewe nitaosha hilo tangi kwa mikono yangu. Akiwa hai, basi tuheshimiane. Hata nyumbani kwetu kisima cha zamani kilikuwa na samaki wake. Samaki hawezi kuhongwa."

Watu walipiga makofi! Nami nilipiga, kwa sababu hata kwetu niliwahi kusikia wazee wakisema hivyo, kwamba kisima chenye kiumbe hai ni kisima kizuri. Samaki mwenyewe alikuwa kambare, huyu tunayemwita mumi, mweusi, kichwa kipana, masharubu marefu. Mutua alimwinua kwa mikono miwili kama mtoto wa kubatizwa, akamwachilia, tukasikia chubwi.

"Na wa kumwangalia kila asubuhi ni Baba Nekesa," Mutua akasema. "Hawa watu wa ziwa wanajua samaki mpaka mawazo yake."

"Mimi natoka Shinyalu," nikamwambia. "Shinyalu hakuna ziwa. Kuna msitu na fahali wa kupigana. Tena sisi ni watu wa kuku."

"Ah, mzee wangu, si ni upande huo huo tu!"

Watu wakacheka, nami nikacheka, nikakubali, na uamuzi huo mdogo ndio ulionifikisha nilipofika. Ningesema sitaki. Lakini niseme ukweli, nilifurahi. Mtu kama mimi anaishi Nairobi miaka na miaka bila mtu kumuuliza neno asubuhi na kusubiri jibu, halafu ghafla ploti nzima inakusubiri. Nilikuwa natoka na kioo changu cha kunyolea, nafunua mfuniko, nageuza kioo mpaka jua linaruka ndani ya shimo, na ule mwanga unatembea juu ya maji mpaka unampata. Alikuwa anakaa chini kabisa kwenye pembe, akitikisa mkia polepole kama mtu anayewaza. Wakati mwingine anapanda, anafungua mdomo juu ya maji, anavuta hewa, anashuka. Nilimpenda, sitaficha. Nilikuwa nakaa kumtazama kuliko ilivyohitajika, kwa sababu pale chini palikuwa na utulivu ambao huku juu hatukuwa nao.

"Yuko?" wamama wanauliza kutoka kwenye ngazi.

"Yuko!"

"Anaogelea?"

"Anaogelea na ananenepa!"

Basi watu wakaacha kuchemsha maji. Gesi ni ghali, makaa ni ghali, na shahidi anaogelea. Jirani yetu wa chini, Mama Kelvo, mwanamke mkali lakini mkarimu, aliyetupatia unga siku ambazo sikupata kazi, ndiye aliyesema kwa sauti kile ambacho wote walikuwa wanafikiria: "Kama samaki anakunywa hivyo hivyo, mimi ni nani nimchemshie Baraka?" Baraka ni kitinda mimba wake, mtoto mdogo wa mashavu, alikuwa ndiyo kwanza anajifunza kutembea akishika ukuta wa uwanja.

Jumamosi moja jioni Mama Kelvo akabisha kwangu. Alikuwa amembeba Baraka, na yale mashavu hayakuwepo. Macho yalikuwa yameingia ndani, mtoto halii hata, anatazama tu.

"Baba Nekesa, niambie ukweli wa Mungu. Yule samaki ni mzima?"

"Ni mzima, Mama Kelvo. Leo asubuhi nimemwona."

"Umemwona vizuri?"

"Vizuri."

"Basi si maji," akasema, na akashuka akakimbia naye hospitalini.

Usingizi haukunijia vizuri. Neno lile "umemwona vizuri" lilikuwa linanirudia. Nilikuwa namwona, ndiyo, lakini kwa kioo unaona mgongo, unaona masharubu, huoni yuko katika hali gani, na huoni kuta. Nikajiambia asubuhi nitamtazama sawasawa, ili mama wa watu nimpe jibu ambalo naweza kuliapia.

Jumapili kukakucha na mawingu, jua hakuna, kioo hakina kazi. Mtu mwenye akili angengoja. Mimi nilivaa koti langu zito (moja tu ninalo, la kanisani na la matanga), nikashuka, nikafunua mfuniko, nikalala kifudifudi juu ya saruji. Bado sikuona kitu, maana ukichungulia shimo la giza ukiwa kwenye mwanga, macho yanakataa. Basi nikalivuta koti likanifunika kichwa, kama mtu anayejifukiza kwa mwarobaini, na simu yangu ya mulika mwizi nikawasha tochi na kuiuma kwa meno, ili mkono ubaki huru. Nikaingiza kichwa. Bado ile pembe anamokaa samaki ilikuwa mbali. Nikaingiza mkono wa kulia na bega. Shimo lenyewe si pana, linatosha ndoo na hasira ya mwenye ndoo, lakini nilijikunja nikapita, na ndani ya koti langu, ndani ya lile giza, macho yakafunguka.

Acha niseme kilichokuwa pale, kwa sababu hicho hakuna video iliyokionyesha. Maji yalikuwa yametulia, yana rangi ya chupa. Nilimwona mumi mzima mzima kwa mara ya kwanza, amekuwa mkubwa, tumbo limejaa, na hakuwa anaogelea ovyo kama nilivyodhani, alikuwa amesimama mahali pamoja ametazama ukuta, masharubu yameelekea mbele, anangoja. Nikashangaa anangoja nini. Nikamulika ukuta. Kulikuwa na ufa, na ufa ulikuwa unalia, tone, tone, na chini ya tone ukuta ulikuwa na ute wa kahawia. Halafu huko juu, ghorofa fulani, mtu akavuta choo.

Nilisikia maji yakishuka ndani ya ukuta, garagara, garagara, yakapita karibu na sikio langu, na yale matone yakageuka kuwa mfereji. Mumi akaruka mbele kama kuku aliyeona mahindi. Alikuwa anakula. Sitasema alikuwa anakula nini, mwenye kunielewa amenielewa, na kulikuwa na kipande cha karatasi kinaelea.

Nikafikiria Baraka. Nikafikiria kila asubuhi niliposimama pale nikiita "Yuko! Ananenepa!"

Nikapiga kelele, "Msinywe maji!" na bila shaka nilipofungua mdomo simu ikaanguka, chubwi, tochi ikashuka ikimulika mpaka chini, ikazima. Nikataka kutoka. Koti likakataa. Lilikuwa limejikunja chini ya kwapa na kifuani likawa kama kabari, na kadiri nilivyovuta ndivyo lilivyokaza. Mkono wa kulia ulikuwa ndani hauna pa kushika ila maji. Wa kushoto ulikuwa nje unapiga saruji. Hewa ya mle ndani ni nzito, ina harufu, na kila nilichosema kiligonga kuta kikanirudia usoni kama ngurumo, kwa hivyo walioko nje (haya mengine mke wangu alinisimulia baadaye) walichosikia ni mngurumo tu unaotoka ardhini na miguu ya mtu mzima inarusha teke.

Ilikuwa saa ya watu kwenda kanisani, uwanja umejaa vitambaa vyeupe na viatu vilivyong'arishwa.

"Huyo ni nani?"

"Ni nyuma ya Baba Nekesa."

"Heh! Na wewe unajuaje nyuma ya Baba Nekesa?"

"Si ni ile suruali ya kiraka, dada. Kwani hukai ploti hii?"

Wakacheka. Sawa, ningekuwa mimi pia ningecheka. Vijana wakaja, mmoja akasema "Buda amekwama, shikeni miguu!" na Mutua akatokea akiwa bado anatafuna, akasukuma watu akasema yeye ndiye keateka, yeye ndiye atakayevuta. Akashika suruali kiunoni kwa mikono miwili. Nilihisi akishika. Nilipiga kelele kule ndani asivute hapo, avute miguu, lakini nimeshasema sauti yangu ilikuwa imegeuka kuwa nini. Suruali yangu haikuwa na mshipi, ilikuwa na kamba. Na ndani ya suruali sikuwa na kitu (nguo za ndani zilikuwa zimefuliwa, ziko kwenye kamba ya nguo hapo hapo uwanjani juu ya vichwa vyao, kama bendera). Mutua akavuta. Mimi nikabaki, suruali ikaenda.

Mpaka hapo ilikuwa aibu tu. Aibu mtu anaweza kuishi nayo, unahamia kona nyingine ya mtaa, watu wanachoka kucheka. Lakini dakika hiyo hiyo geti likafunguka akaingia Mama Kelvo, anatoka hospitalini kuchukua nguo za Baraka, hajalala, hajala, mtoto wake amewekewa maji ya mshipa, na kitu anachokiona ni mwanamume uchi, ameinama juu ya maji ya kunywa, kichwa ndani, anaunguruma maneno yasiyoeleweka.

Na ninyi mnajua kwetu, na mnajua kwao pia, mtu mzima akivua nguo mahali pasipo pa kuvua, na kuna mgonjwa, inamaanisha nini.

"Uchi!" akapiga ukelele. "Uchi juu ya maji ya watoto wetu! Kumbe ni yeye! Jana namuuliza ananiangalia machoni ananiambia maji ni mazuri, kumbe ni yeye anayetia dawa!" Akatoa simu akaanza kunipiga video huku analia. Ndiyo maana video inaanza pale.

Mke wangu anasema kicheko kilikatika kama mtu amezima redio. Wale kina mama wakarudi nyuma wakishika watoto. Mtu akasema mchawi, mwingine akasema mchawi, na sasa sikilizeni vizuri kwa sababu hapa ndipo penye deni lisilolipwa kwa pesa: Mutua alikuwa amesimama hapo, suruali yangu mkononi, bado ina joto la mwili wangu. Alihitaji kusema maneno machache tu. "Nimemvua mimi kwa kumvuta." Basi. Mke wangu, akiwa anateremka ngazi mbio, alimwona kwa macho yake. Mutua aliitazama ile suruali, akawatazama watu, kisha akaificha nyuma ya mgongo wake.

Jiwe la kwanza lilinipata pajani. La pili sikujua ni jiwe, nilidhani mfupa umevunjika wenyewe. Kila nilipopigwa uso ulizama nikameza maji ya lile tangi, na nikasema basi, Wafula, utakufa ukiwa kichwa chini kama popo, na watu watasema alistahili.

Aliyeniokoa ni Mama Nekesa, mke wangu. Hakuomba, hakulia. Alitoa leso yake ya kanisani akanifunika, akakaa juu yangu, kabisa, akanikalia kama gunia, akawaambia, "Anayetaka kurusha arushe sasa, nimeketi." Kisha akaingiza mkono wake shimoni, kwa sababu yeye ndiye anayelijua lile koti, yeye ndiye aliyeshona kifungo chake, akatafuta kile kifungo kifuani mwangu kwa vidole akakikata uzi. Koti likalegea. Nikatoka na kichwa, na bega bila ngozi.

Nilitoka nikisema. Sikujali leso, sikujali chochote. "Choo! Choo kinaingia kwa maji! Nimeona! Ukuta una ufa, bomba la choo limepita hapo, samaki anakula choo! Msinywe!"

Na mnajua Mutua alijibu nini? Alipiga hatua mbele, akafunga mfuniko kwa mguu, akasema kwa ile sauti yake ya mahubiri, "Mmesikia wenyewe. Anakiri amechafua tangi."

Wakanipiga kidogo, si sana, mzee mmoja wa kanisa aliwazuia. Nina jino moja pungufu na alama juu ya jicho. Suruali sikurudishiwa.

Jioni ile ile, Mzee Gitonga, ambaye watoto walipougua matumbo hakuwahi kukanyaga pale, alifika na mafundi na saruji. Si wa kuangalia ukuta. Wa kuziba shimo. Wakamwaga saruji juu ya mfuniko, wakaacha mpira wa pampu tu unapita. Akasema ni kwa usalama wa wapangaji, ili "watu wenye tabia mbaya" wasifikie maji. Aliponiona nimekaa kwenye ngazi na leso ya mke wangu, akaniambia nitafute pa kukaa. Nilikwenda ofisi ya mkubwa wa eneo kueleza. Mkubwa alinisikiliza akikunja uso, mpaka nilipofika kwenye tangi, akaniambia ngoja, ngoja, wewe ndiye yule? Akatoa simu, akaita wenzake wa chumba kingine waje wanione. Nikaondoka.

Tulihamia mtaa unaoitwa Tena, chumba kimoja. Hata huko watoto wananipita njiani wananiita "Mumi!" na mimi nakaza shingo natembea.

Baadaye nilipitia kwa Mama Atieno, yule anayekaanga samaki hapo barabarani karibu na ploti ya zamani, na pia huuza samaki hai wa kufugwa wanaotoka kwa jamaa mmoja huko Komarock. Sikwenda kuuliza kitu, nilikwenda kula. Lakini alinionea huruma, akanipa kiti, na nilipomweleza alishika kiuno.

"Shemeji, mumi ndiye mlimfanya shahidi? Mumi? Huyo hata mtaro wa choo anaishi, ananenepa na kuzaa!"

"Sisi hatukujua."

"Wewe hukujua. Mutua alijua. Kwanza alichukua kwangu ngege mzuri kabisa, samaki wa maji safi. Kesho yake asubuhi akarudi naye kwenye karatasi, amekufa. Akaniambia, Mama Atieno, nipe samaki asiyekufa."

Niliisukuma sahani kando. Mutua alikuwa amepata jibu la maji kabla hajatuita uwanjani kupiga makofi. Alikuwa nalo kwenye karatasi, limekufa. Akalitupa akatafuta jibu lingine, kisha akanichagua mimi, mtu wa kuku, niwe nikilitangaza kila asubuhi kwa mdomo wangu.

Baraka alipona, Mungu ashukuriwe, anatembea lakini amebaki mwembamba. Nilimwona mbali akiwa na mama yake, nikainua mkono, Mama Kelvo akamgeuza mtoto uso ukutani nisimwone. Simlaumu kwa siku ile, hata mimi kama mtoto ni wangu ningerusha jiwe. Namlaumu kwa siku zilizofuata, kwa sababu mke wangu alimwendea akamweleza kila kitu, na hakuifuta ile video. Na bado anachota maji pale pale. Wote wanachota. Hilo ndilo linaloniamsha.

Mimi nimejifunza langu: sitakubali tena kuwa macho ya watu mahali ambapo mwingine ndiye aliyechagua nione nini, na kichwa changu hakitaingia shimo lolote isipokuwa lile la mwisho. Nichekeni, nimeshazoea. Lakini ile saruji ivunjwe. Ivunjwe mchana, uwanjani, wapangaji wote wakiwepo na wale wa kanisa, fundi ashuke na taa, na mtu mmoja huko ndani avute choo. Mzee Gitonga asimame ukingoni aseme ni nani aliyempitishia bomba la choo kwenye ukuta wa maji ya kunywa. Na Mutua asimame mbele ya Mama Kelvo, amtazame machoni, amwambie ngege wa kwanza alikufa lini, na kwa nini hakusema.

Mutua, unanisikia? Mimi niliulizwa na yule mama nikajibu kile nilichojua. Sasa jibu wewe.